Mafuta ya Upako Kwenye Matairi

Baba Neema,

Pikipiki yako imefika. Uliiagiza kwa mbwembwe, kisha moyo wako ukasimama ghafla kazini, nayo ikaletwa hapa mtaani kwetu Doonside, ugenini, waombolezaji wakiwa bado wamejaa sebuleni.

Kila mtu alisema niiuze. Unanijua: nikiambiwa nifanye jambo, nafanya kinyume chake, halafu naandika makala kujitetea. Nikaenda mafunzo, nikabandika nyuma ile L ya manjano ya dereva mwanafunzi. Lakini naogopa, mume wangu. Nimebishana na mawaziri magazetini bila kutoka jasho. Mashine hii ikinguruma tu, nashuka. Haisemi kitu ninachoweza kukijibu.

Nakumbuka ulivyonifundisha jikoni, umeshika kifuniko cha sufuria kama usukani: "Injini mpya haikimbizwi, Mama Neema. Ibembeleze, ongeza, punguza. Na tairi jipya linateleza, usililaze kwenye kona." Nilikucheka. Sasa nayarudia maneno hayo ndani ya helmeti kama sala.

Jumamosi jirani yetu Mama Furaha alikuja na kina mama wa maombi kutoka mtaa jirani wa Mount Druitt. Akaizunguka pikipiki, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Dada, hii kitu ilikuya kisha mwenyewe kufa. Tuiombeye." Mimi, niliyewasuta wachungaji wa mafuta ya upako mpaka wakaacha kunisalimia, nikainamisha kichwa. Niliogopa, basi. Wakapaka usukani, wakapaka tangi. Mama Furaha, kwa upendo wake wote, akapaka na matairi, mafuta ya zeituni, mbele na nyuma, ili yasiniangushe.

Kona ya kwanza yakaniangusha.

Nilikuwa polepole, Mungu ashukuriwe. Gurudumu la nyuma lilihama, nikajikuta nimelala barabarani, goti limechubuka, gari la nyuma yangu limefunga breki karibu na kichwa changu. Neema wetu aliona yote. Hakulia. Aliniambia kwa Kiingereza chake kile cha baridi kwamba mzazi mmoja ameshamzika, na bado hajamaliza shule.

Nikavua helmeti, nikaingia kuchemsha maji.

Tuliyasugua matairi kwa sabuni ya vyombo na maji moto. Mama Furaha alilia, akacheka, akasugua: "Dada, Mungu ataangaliya juu, huku chini tubakishe mpira tu."

Leo nimezunguka mtaa tena, gia ya pili. Neema alisimama getini mpaka niliporudi. Naogopa malori, Baba Neema, naogopa mvua, lakini kuliko vyote naogopa ule uso pale getini. Kila nikikata kona nauona, na mkono wenyewe unapunguza mafuta.

Pumzika, mpenzi wangu. Injini yako sitaikimbiza, nakuahidi. Na siku Neema atakaponiomba niizime, nitaizima, bila kubishana.

Mama Neema