Kumwita Kozi Azaiba

Ami yangu Seif,

Yule kozi uliyenipa mzima, na hakupotea! Jana alasiri nilimrusha hapa Azaiba kwa mara ya kwanza. Huko Buraimi tulimwita jangwani, hakuna wa kutusikia. Hapa niliwaonea haya majirani, nikamwita kwa sauti ya chini huku nazungusha chambo cha manyoya. Akatua juu ya dishi la televisheni la jirani yangu Bi Zuwena, akagoma kushuka.

Bi Zuwena akatoka uani. "Unamnong'oneza nani, mwanangu? Hapa si ofisini. Piga kelele!"

Nikapiga, mtaa mzima ukatoka. Kozi akashuka kama jiwe mpaka kwenye chambo, watu wakashangilia!

Sauti imenikauka, ama sivyo ningekuita na wewe usikie huko Buraimi. Mungu akuweke.

Mwanao, Nasor