Kaye ya kiboko

Baraka, siku ya ine, mwezi wa saba 1976

Ni mimi nilibafundisha kuandika saa. Mwaka muzima batoto ba darasa la sita balikuwa banavuka na mutumbwi mpaka kwenye kisiwa cha matete, banaandika mu kaye, daftari ya darasa, saa na fasi kiboko mama anatokea na mutoto yake. Nilibaambia: nyama unayemujua, hutaweza kumuua. Mujinga mimi.

Jana basoda na bunduki zabo balipita masomoni kuuliza tunafundisha nini. Riziki, ule anashikaga nafasi ya kwanza, akasimama na kubasomea kaye yote. Nikamupigia makofi.

Leo asubuhi bunduki ililia saa kumi na mbili na nusu. Ile saa ya mu kaye yetu kabisa.

Magaribi Riziki alifika na sahani imefunikwa na jani ya ndizi. Baba yake ametuma fungu ya mwalimu, kwa sababu nyama kubwa ikianguka, mwalimu hakosi yake. Sijaigusa. Macho ya Riziki yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, mutoto ya kiboko iko anazunguka palepale. Niandike saa?"

Mimi, mwalimu, nilimuambia asiandike kitu.