Baba Wawili wa Hezron

Scola, acha jiko, soma hii.

Hezron wetu wa Mishamo, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyepewa uraia tangu utotoni, leo nimemsindikiza Mpanda akafanyiwe upekuzi wa kazi ya ulinzi. Afisa Masele kamuuliza baba yuko wapi.

"Mmoja tulimzika Mishamo. Mwingine yuko Burundi, analima mihogo."

"Una baba WAWILI?"

Hezron kaeleza: kwao mdogo wa baba ni baba tu. Masele kacheka. Eti mwenye baba nje ya nchi atampelekea siri zetu, kazi hakuna.

Siri gani, za geti?

Hezron hajafika mlangoni, simu ya Masele ikalia. Kapokea kwa adabu zote, benchi zima tunasikia: "Shikamoo baba."

Baba yupi? Wake si tulimzika Kakese, pilau tukala?