Majivu Niliyoyaondoa

Maman,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na bado nina neno nawe. Kwa nini ulipougua ulikataza wasinipigie simu? "Mumuache amalize mitihani," ndivyo ulivyowaambia. Haya, mitihani niliimaliza Ijumaa. Jumamosi nikafika nyumbani Mururu, nikakukuta ndani ya sanduku.

Siku ile walinipa sahani ya maharagi, nikala. Nisamehe, nilikuwa na njaa. Muntu anaweza kulia na kula. Nilikuwa nakaribia kumaliza nilipoiona punje moja ndefu, bapa, ile uliyokuwa ukiipanda juu kabisa, kwenye mawe. Nikaenda kuchungulia chini ya kitanda chako. Mfuko wa mbegu ulikuwa mtupu.

Nilipiga kelele. Shangazi akanishangaa: "Watu themanini wamekuja kumlilia mama yako, ningewapa nini? Maharagi safi vile, hata jivu hayana, nani angejua ni mbegu?"

Nikaurudisha mfuko chini ya kitanda, nikatoka nje. Wewe unajua kwa nini.

Miaka yote mbegu zako zilikaa kwenye chungu, zimefunikwa majivu, na hakuna aliyewahi kuzigusa. Likizo ya mwisho nikaja na mfuko wangu usiopitisha hewa, nikapepeta majivu yote, nikakufundisha habari za vidudu dakika arobaini nzima. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Sawa, Professeur. Lakini jivu linasema na watu pia." Nikacheka! Mimi, wa kilimo endelevu.

Zilikuwa aina kumi na moja. Nilizihesabu kwa mkono huu.

Chuoni walituuliza kwa nini mkulima wa mlimani anachanganya mbegu. Wenzangu walifungua vitabu. Mimi niliandika yako: mvua ikizidi, nyeusi zinabaki; jua likizidi, zile bapa zinabaki; sufuria haikosi kitu. Nilipata kumi na nane juu ya ishirini, Maman, kwa mbegu nilizosaidia kuzipika.

Wiki iliyopita nikashuka mpakani Rusizi I, pale nilipobeba mizigo ya watu miaka mitatu ili niingie chuo. Nilimtafuta Maman Zawadi, yule muuza visamaki vya sambaza wa Bukavu uliyempa mbegu mwaka maharagi yake yalipoozea shambani. Hakuniacha nimalize kueleza. Kesho yake akavuka na kitambaa kimefungwa fundo, ndani mbegu zimezama kwenye majivu. "Mama yako hakuniuzia, na mimi sikuuzii. Chukua. Na usioshe, wewe mutoto wa masomo!"

Nimehesabu mara tatu. Aina saba. Nne hazipo, na ile bapa ya kwenye mawe ni mojawapo.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linalonikosesha raha. Shangazi hapiti tena njia ya shamba letu. Batu wanasema alipika mbegu za marehemu, na mimi nimewaacha waseme. Miezi minne.

Jumatatu ninapanda. Kabla ya kushika jembe nitapita kwake, nimwambie mbele ya batoto bake nani aliondoa majivu. Akikubali, saba hizi tutazipanda pamoja, zikiwa zimechanganyika kama ulivyozipenda. Zile nne nitaziulizia kwa kila uliyewahi kumgawia, huku na ng'ambo.

Pumzika, Maman. Chungu chako nimekisugua. Majivu ninayakusanya tangu jana.

Mutoto wako