Shanga za Moraa

Mwanangu Moraa,

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonijibia siku ile, hata nilipokusalimia kwa lugha yetu. Unakula lakini? Nilikuacha umekonda.

Unakumbuka nilivyokuja Nairobi na kapu la ndizi za kuiva, ukaniingiza maabara unapofanyia kazi. Ulifurahi kweli. Ukanionyesha kibomba cha glasi kimejaa shanga nyeupe, ndogo kuliko punje za wimbi, ukamimina juu yake majimaji ya damu ya sungura. Ukanieleza kwamba kila shanga imebandikwa kitu ambacho ile kinga ya damu, inayopigana na magonjwa, inakitambua, basi kinga inang'ang'ania pale na mengine yote yanapita. Mnaosha kwa maji ya chumvi, kisha mnatia kitu kichachu, kinga inaachia, mnaipata safi, peke yake.

Nikauliza, "Na hayo yanayopita?"

"Yanamwagwa, mama. Hayana kazi."

Tukacheka, maana nilikwambia hata mimi nikipepeta wimbi makapi nawaachia kuku.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia daktari, mkubwa wako wa kazi, na wageni wake. Akauliza huyu ni nani. Mimi nilishafuta mikono kwenye leso nimsalimie.

Ukasema, "Ni mwanamke anayeniletea ndizi."

Hukusema uongo, ndizi nilileta. Ukanitoa nje kwa vidole viwili begani, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Kwenye basi mpaka nyumbani Ekerenyo sikulia. Nilikuwa nawaza tu kama una sweta, chumba kile kilivyo baridi.

Sasa umetuma habari kwamba yule kijana anayetaka kukuoa na wazazi wake wanakuja kuniona, nijiandae, na nisiongee sana. Nimejiandaa. Nyumba nimeipaka udongo upya, jogoo yupo. Na kuongea sitaongea sana. Wakiuliza mimi ni nani, nitawaambia ni mwanamke anayekuletea ndizi, kisha nitanyamaza nikuangalie.

Hapo, mbele yao, utaniita mama wasikie wote, ama utaniacha nipite kama yale majimaji mnayoyamwaga. Usiponiita, warudi na ng'ombe wao. Mwanamke wa kuleta ndizi hapokei mahari ya binti wa watu.

Njoo na sweta, mvua huku haijakatika.

Ni mimi,
Aliyekuzaa