Kifaransa cha Vitabuni cha Bi Maryamu wa Siyu

Lamu Mjini,
Jumamosi mchana

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na Baba umpe zake kabla hajauliza. Goti linasemaje? Kaka Wafula aliniambia umeanza tena kupanda kilima cha kanisani kwa miguu. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na wasiwasi, maana nakujua: ukipata nafuu ya siku mbili unashika jembe. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, samaki nimewazoea, ila chai inayopikwa kwa maji ya chumvichumvi bado inanishinda.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa kuwa nina jambo refu na simu yetu hukatika palepale maneno yanapokolea. Mwalimu mwenzangu anasafiri Bungoma Jumatatu. Barua hii ataiacha dukani kwa Wafula.

Alasiri moja, miezi mitatu iliyopita, mwanamke wa makamo alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa buibui, na mkononi ana mfuko wa kitambaa uliojaa makaratasi. Alisema jina lake ni Bi Maryamu, mtu wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, na kwamba hapa mjini amefikia kwa dada yake.

"Mwalimu," akasema, "nimekuya unisomeshe Kifaransa."

Nikamwuliza kama anakijua hata kidogo.

"Nakiyua. Lakini nilicho nacho ni cha vitabuni. Nataka cha watu."

Nikampa kiti, naye akanieleza. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi kwa bibi mmoja wa Kifaransa aliyekuwa na nyumba Shela. Bibi huyo alikaa Lamu mpaka Kiswahili kikawa chake, hivyo mazungumzo yao yote yalikuwa ya Kiswahili. Macho yake yalipoanza kufifia, akamfundisha Bi Maryamu kusoma Kifaransa kwa sauti, maana hakuweza kuishi bila hadithi. Kila siku baada ya chakula cha mchana, kurasa kumi, kumi na tano. Neno asilolijua huuliza, huambiwa, huliandika nyuma ya karatasi ya kalenda. Kisha bibi akazeeka, watoto wake wakaja kumchukua, nyumba ikauzwa. Bi Maryamu akarudi Siyu na mfuko wake wa kalenda.

Sasa kuna chama kimoja cha waongoza wageni kilichokuwa kinatafuta mtu wa kuwatembeza Wafaransa kwenye ngome ya Siyu. Akaenda kujaribu. Mmoja wa wakaguzi, aliyewahi kufanya kazi hotelini, alimsikia akizungumza, akacheka mpaka akashika meza. Wakamwambia ajirekebishe, arudi baada ya miezi miwili.

"Niambie jana ulifanya nini," nikamwambia, kwa Kifaransa.

Akanyoosha mgongo. "J'allai au marché," akasema, "et j'achetai du poisson." Yaani alikwenda sokoni, akanunua samaki.

Mama, Kifaransa kina namna mbili za kusema jambo lililokwisha kupita. Moja ni ya mdomoni, ya jikoni na barabarani. Nyingine ni ya vitabuni tu, ya hadithi na historia. Mfaransa huisoma lakini haimtoki kinywani. Kuitumia kwa habari za samaki ni kama kuingia dukani ukaagiza kibiriti kwa beti za utenzi. Basi nami nilicheka. Sikucheka sana, lakini nilicheka.

Bi Maryamu alinitazama bila hasira. "Teka, mwalimu," akasema. Kucheka kwao ni kuteka. "Ukimaliza tuanze."

Niliona haya. Na kwa kuwa niliona haya, nikataka kumwonyesha kwamba mwalimu ni mimi. Nikamwambia anyambue kitenzi cha kuja katika wakati huo wake wa vitabuni, nafsi zote sita. Akazitoa kama mtu anayehesabu vidole vyake mwenyewe. Alipofika "sisi tulikuja" akasema nous vînmes, nami nikamkatiza kwamba amekosea. Hakubishana. Alisema tu, "Tazama kitabuni." Nikafungua kitabu changu cha sarufi, kile nilichobeba tangu chuo kikuu. Ilikuwa vînmes. Nikajaribu kuzaliwa, kushona, kunyamaza, vitenzi ambavyo hata mimi huvikwepa. Hakukosa hata kimoja.

"Ulivishikaje hivi vyote?"

"Kwenye mbuzi ya nazi," akasema. Akanionyesha kwa mkono, kana kwamba amekalia mbuzi na kifuu kiko kiganjani. Kila mkuno nafsi moja, tuseme kitenzi cha kuwa: je fus, tu fus, il fut, nous fûmes, vous fûtes, ils furent. Sita, kisha anageuza nazi. Tui la kila mchana lilikuwa na kitenzi chake.

Wakati ule, Mama, mimi nilikuwa nawarukisha wasichana wangu wa darasani sura hiyo yote. Niliwaambia haina faida, haisemwi na mtu. Kweli ni kwamba niliiogopa.

Tukafanya kazi miezi miwili, siku nne kwa juma, baada ya yeye kuswali alasiri. Nilimfundisha Kifaransa cha watu: kuuliza mgeni amelalaje, kumwambia aangalie kichwa mlangoni, kutania kidogo. Alijifunza haraka. Lakini siku moja aliweka kalamu chini akaniuliza, "Ukisimulia hadithi kwa Kiswahili, wasema alikwenda, alifika, alibisha?"

"La. Nasema akaenda, akafika, akabisha."

"Basi hicho cha vitabuni si ndicho hicho? Ni ka yetu. Wao wameiwata vitabuni, sisi twatembea nayo."

Kuwata kwao ni kuacha. Nina shahada ya lugha hiyo na sikuwahi kuliona.

Siku ya mahojiano nilikwenda naye. Chama kilikuwa kimemwalika Mfaransa mmoja mzee, mwalimu mstaafu aliyekuwa mgeni mjini, ili awe msikilizaji, nami nikaombwa nitafsiri kwa wasiojua. Bi Maryamu alisalimu vizuri, akaeleza safari ya kutoka Lamu hadi Siyu, akajibu maswali ya maji na kofia na jua. Yule mkaguzi aliyemcheka alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mzee akamwomba asimulie jambo moja la Siyu yenyewe.

Akaanza kwa Kifaransa nilichomfundisha. Sentensi tatu, akakwama. Akaanza tena, akakwama tena. Akanigeukia, akasema polepole kwa Kiswahili, "Mwalimu, niwie radhi."

Kisha akasimulia kwa namna yake. Zamani Siyu ilikuwa na waandishi wa misahafu, na babu wa nyanya yake alikuwa mmoja wao. Macho yakamwingia ukungu msahafu ukiwa nusu. Watu wakataka kumpa kazi mwandishi mwingine. Binti yake akaketi kando yake, akashika kalamu. Baba akasoma kwa moyo, binti akaandika, mpaka wakafika aya ya mwisho. Kila kitenzi alikisema kwa ule wakati wa vitabuni: elle s'assit, akaketi, elle écrivit, akaandika. Mama, nilisahau kutafsiri. Mwenyekiti wa chama alinigusa bega, nikamwambia, "Subiri kidogo," kama mtoto anayekatizwa.

Hakuna aliyecheka. Mzee akasema, nami nikatafsiri: "Wakati huo nimeufundisha maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mtu akiusema kwa sababu anauhitaji."

Kazi alipewa. Yule mkaguzi alikuja kumwomba radhi kwa siku ile ya kwanza, naye akamjibu hana neno moyoni. Sasa yuko Siyu na wageni wake. Mimi nimerudi darasani, nimeifungua ile sura tuliyoiruka, na wasichana wangu kumi na wawili wananyambua kwa mapigo sita kwenye dawati. Kelele yake walimu wenzangu wanailalamikia.

Sasa nije kwa lile ulilomwambia Wafula anifikishie. Kwamba Desemba, wakija watu wa mchumba wangu Mwakio kutoka Taita kujitambulisha, Shangazi Nafula ndiye atakayesema kwa niaba yako, kwa sababu Kiswahili chako kinachekesha watu.

Mama, maneno hayo hukuyazaa wewe. Ni yangu. Nilikuwa kidato cha pili, siku ya wazazi, nawe ukamwambia mwalimu wa darasa, "Nalifika asubuhi, nami nikamngoja binti yangu." Wasichana wakaangua kicheko. Nikakuvuta kando nikakuambia, "Usizungumze, nitakusemea." Miaka miwili iliyobaki ulikuja kila siku ya wazazi, ukaketi, ukatabasamu, hukusema neno. Kiswahili hicho cha Biblia ulijifunza peke yako kanisani, ukiwasomea wengine masomo ya Jumapili, na hakuna aliyekufundisha kingine. Nilikuwa na mama anayezungumza kama kitabu, nikamnyamazisha. Nisamehe.

Mwakio nimemweleza yote. Anasema mama yake atapenda kukusikiliza.

Nisalimie nyanya yangu, Kukhu, umwambie miwani yake inakuja na mwalimu huyuhuyu mwenye barua. Nisalimie wifi yangu Nasimiyu na mtoto ambaye bado sijamwona. Baba asiuze ule mti wa mvule kabla sijafika. Shangazi Nafula nimempigia simu mimi mwenyewe, nikamwambia siku hiyo hana hotuba. Alinuna, halafu akauliza, "Basi nani atasema?"

Nikamwambia, "Mama yake Nekesa."

Ni mimi binti yako,
Nekesa