Picha ya 61

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Papa amerudi na masanduku mawili ya picha! Ni za Bwana Verhasselt, arshitekti wa majumba ambaye papa anamchorea ramani. Bukavu yote imo: kabla ya nyumba za ghorofa, na baadaye. Unyevu umekula maandishi ya nyuma. Bwana anarudi Ulaya, anataka picha zibaki hapa zitunzwe, na kila moja iandikwe upya kama daftari lake linavyosema. Papa alimsifia mwandiko wangu. Nikimaliza vizuri kabla ya Jumamosi, Bwana atawaandikia masista barua, nisomee ualimu. Picha 212! Vidole vyangu ni wino mtupu — lakini picha hazina doa.

Jumatano, 7 Agosti

Picha ya 61. Daftari: "Nyalukemba, avant. Terrain vide." Koko Cibalonza, mama wa papa, alikuwa anachambua maharagwe kando yangu. Akainama, akacheka.

— Hizi ndizi ni zangu! Ile yenye kulala, ni mimi niliitegemeza na muti.

Akauliza daftari linasema nini. Nikamwambia: Nyalukemba kabla ya majumba, kiwanja kitupu, hakuna mutu.

— We mutoto wa masomo! Uliona wapi ndizi bila mutu? Ndizi inajipalilia?

Sikuandika kitu. Wino ukakauka kwenye kalamu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefika 140. Ya 61 iko chini ya mto wangu. Sista alitufundisha kwamba kunakili ni kutii. Alitufundisha pia tusiandike uongo. Hakusema lipi linatangulia.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimemwambia papa. Amekasirika — niliambiwa kunakili, si kufikiri! Na ile barua je? Kisha akaichukua picha, akakaa nayo mpaka bugali ikapoa. Koko alikuwa kanisani. Papa akasema polepole: siku Bwana alipopima pale Nyalukemba, yeye ndiye aliyeshika mnyororo wa kupimia. Bwana alimuuliza, kuna mutu hapa? Papa akatazama nyumba nyuma ya ndizi. Mlango umefungwa, koko ameenda misa. Akajibu: hakuna mutu. Alidhani anaulizwa nani yuko nyumbani, si kama shamba lina mwenyewe!

Mwaka uliofuata koko na majirani wakahamishwa. Koko hajui jibu lile mpaka leo.

— Andika, papa akasema. Na wino.

"Nyalukemba, avant. Bananeraie de Cibalonza." Shamba la ndizi la Cibalonza.

Jumamosi, 10 Agosti

Bwana amekuja. Yuko mezani na papa, anageuza picha moja moja. Mimi niko jikoni na koko, naandika juu ya goti. Amesifu mwandiko mara mbili. Barua iko mfukoni mwake, nimeona pembe ya bahasha.

Sasa ameshika ile ya 61.

Anauliza nani aliandika hii, katika daftari hakuweka hivyo. Papa anamjibu kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa chake cha kazini:

— Bwana, ile siku uliniulizaka kama kuna mutu...

Koko ameacha kuchambua maharagwe.